Kisa cha somo la bamvua: vishikwambi, jiwe la pwani na Kidato cha Kwanza

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika skuli moja ya sekondari upande wa mashariki wa Pemba, mahali ambapo ukitoka nje ya lango unafika pwani kwa mguu. Jina la kijiji, la skuli na la kila mtu nimeliondoa, na mambo madogo mawili matatu nimeyageuza ili mtu asitambulike. Mwalimu wa Jiografia anayezungumzwa ni mimi. Nawaandikia walimu wenzangu waliokabidhiwa vishikwambi au projekta wakaambiwa wavitumie, maana kosa nililolifanya ni jepesi sana kulifanya, na nililifanya nikiwa na furaha tele.

Darasa lilikuwa la Kidato cha Kwanza, mkondo wa asubuhi, wanafunzi 52. Zaidi ya nusu wanatoka nyumba zinazoishi kwa bahari: baba au kaka mvuvi, mama au bibi mkulima wa mwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989. Kazi yenyewe imeshikwa zaidi na wanawake, na sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar sasa hutoka Pemba. Watoto huwasaidia mama zao kufunga mbegu, kuvuna na kuanika. Wanafunzi waliobaki wanatoka vijiji vya ndani, kwenye mikarafuu na mihogo, na wamo ambao bahari huikaribia siku ya kupanda meli kwenda Unguja tu.

Skuli ilipokea vishikwambi 20. Wakati wa kisa hiki vilivyofanya kazi vilikuwa 14. Umeme tunao, kwa kuwa Pemba iliunganishwa na gridi ya taifa kwa waya unaopita chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, lakini darasa lile lilikuwa na soketi moja, na mtandao uliupata ukisimama chini ya mwembe wa nyuma. Kwa hiyo kila nilichotaka kukionyesha nilikipakua usiku nyumbani, nikakihamisha kwenye kishikwambi kimoja kimoja.

Mada ilikuwa kupwa na kujaa kwa maji ya bahari. Mwanafunzi alitakiwa aeleze kwa nini maji hujaa na kupwa, na atofautishe maji ya bamvua, yaani yale yanayojaa na kukauka sana, na maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana. Lugha ya kufundishia ni Kiingereza, na kwa watoto hawa ndio kwanza masomo yote yamehamia huko. Mimi nilikuwa nimerudi karibuni kutoka mafunzo ya kutumia teknolojia darasani, moyo umejaa, nikitafuta somo la kuanzia. Hili niliona limekaa vizuri, kwa sababu mwezi, jua na dunia ni vitu vikubwa visivyochoreka kwa chaki, na nilikuwa nimepata video ya dakika nne yenye picha zinazotembea.

Kipindi cha kwanza

Kipindi ni dakika 40. Dakika 11 zilikwenda katika kugawa vishikwambi, kuvuta waya na kunyamazisha viwili vilivyokuwa vinapiga kelele. Kila kishikwambi kilizungukwa na wanafunzi watatu au wanne. Katika video dunia imezungushiwa maji pande zote, mwezi unaizunguka, na maji yanatuna upande ule mwezi ulipo na upande wa pili wake. Jua linapojipanga mstari mmoja na mwezi, maji yanatuna zaidi. Jua linapokaa ubavuni, yanatuna kidogo. Darasa lilitulia kimya ambacho mwalimu wa Kidato cha Kwanza hakizoei.

Baada ya video kulikuwa na maswali matano ya kuchagua jibu. Vikundi 12 kati ya 14 vilipata manne au matano. Kishikwambi kikipata jibu sahihi kilipiga sauti ya kengele, na kengele zilipokuwa zikilia darasa zima nilijihisi nimefundisha.

Zikiwa zimebaki dakika chache, msichana mmoja wa dawati la nyuma alinyoosha mkono. Ni mtoto asiyesema sana. Alisema kwa Kiswahili, "Mwalimu, mbona mwezi ukiwa utosini maji hayajai? Saa hizo ndiyo kwanza yanakuja."

Nilimjibu kwamba ule ni mchoro wa kisayansi, autazame tena vizuri. Wenzake wakacheka. Akaketi, nami nikakusanya vishikwambi.

Sikumjibu vile kwa ubaya. Saa ilikuwa imekwisha, mwalimu wa kipindi kinachofuata alikuwa keshafika mlangoni, na sikuwa na jibu. Hilo la mwisho ndilo lililonisukuma, ijapokuwa siku ile nisingelikiri.

Niliyoyaona wiki iliyofuata

Jumatatu niliwapa zoezi la kuandika daftarini, kila mtu peke yake. Swali la kwanza lilitaka waeleze maana ya *spring tide*, jina la Kiingereza la maji ya bamvua. Wanafunzi 17 waliandika kwamba hutokea majira ya kuchipua, na watatu kati yao wakaongeza kuwa ni huko Ulaya. Walikuwa wamejifunza majira ya mwaka mwezi mmoja nyuma, na neno ni lile lile. Mmoja aliandika kwamba ni maji yanayotoka kwenye chemchemi. Wengine wengi walinakili sentensi ya video, na nilipowaambia mmoja mmoja waseme maana yake, walinitazama tu. Zile kengele zilipigwa na mtoto mmoja mjanja katika kila kikundi.

Nikaweka madaftari chini, nikauliza kwa Kiswahili, "Bamvua ni nini?"

Upande mzima wa watoto wa pwani ulinyoosha mikono. Walinieleza kwamba ni maji makuu, hujaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko na hukauka mpaka mwambani. Ni siku za pweza na siku za mwani. Huja mwezi ukiandama na huja tena ukipevuka. Mtoto wa mvuvi alinihesabia kwa vidole siku ambazo baba yake hapotezi muda kwenda mbali. Katika dakika zote 40 za kipindi kile cha kwanza, neno bamvua sikulitamka hata mara moja, na hakuna mtoto hata mmoja aliyejua kwamba tunazungumza juu ya jambo hilo.

Mchana ule, nikiwa bado nimeudhika, nilifungua daftari la mahudhurio kujaza taarifa ya mwezi. Nafasi zilizokosa alama zilikuwa zimekaa kwa mafungu: siku tatu nne, kisha zaidi ya wiki imejaa, kisha siku tatu nne tena. Kalenda ya Kiislamu ilikuwa ukutani mbele yangu. Fungu moja liliangukia tarehe mosi hadi nne ya mwezi, la pili tarehe kumi na nne hadi kumi na nane. Watoto walikuwa wanapungua darasani kwa bamvua.

Na kwa pwani yetu hilo lina sababu ya pekee. Kila ikifika bamvua, mwezi na jua huwa wamejipanga vile vile, kwa hiyo maji hukauka saa zile zile. Kwetu ni saa nne asubuhi na dakika kadhaa. Hujaa saa kumi na kitu, alasiri na alfajiri. Yaani siku ambazo mwamba uko wazi kuliko siku zote, huwa wazi katikati ya ratiba ya mkondo wa asubuhi, mwaka mzima. Miaka sita nimefundisha hapo nikiandika kwenye taarifa kwamba sababu ya utoro ni uzembe wa wazazi.

Uamuzi, na kwa nini

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza, kutafuta video nyingine iliyo bora na kurudia. Ya pili, kuwapeleka pwani mara moja na kurudi. Ya tatu, kuwafanya wayapime maji wenyewe kwa muda wa kutosha kuona bamvua, maji mafu na bamvua tena, ambayo ni kama siku 15.

Ya kwanza niliikataa upesi, kwa kuwa ningekuwa nimewaongezea picha na swali la yule msichana likabaki pale pale. Ya pili peke yake niliiona ni matembezi. Niliichagua ya tatu, na kuitanguliza ya pili iwe mlango wake. Tulikuwa karibu na likizo ya katikati ya mwaka, na likizo ilinifaa kwa sababu maji hayangojei kengele ya skuli, tena watoto wanaosoma chuoni (madrasa) wangepata nafasi ya kupokezana.

Mwalimu mkuu aliniuliza mambo mawili, na yote yalikuwa ya haki: usalama wa watoto na usalama wa vishikwambi. Tulikubaliana kwamba hakuna anayeingia majini kupita vifundo vya miguu, kila kundi liwe na mtu mzima wa familia, na sheha, kiongozi wa serikali wa eneo letu, apewe habari. Vishikwambi alitoa vinne tu, kwa saini. Mwanzoni niliona ni vichache, lakini vilitosha.

Mwenzangu wa Fizikia hakupendezwa na uamuzi wangu mwingine, wa kufundisha mada yote kwa Kiswahili kwanza na kuleta Kiingereza mwishoni. Aliniambia, "Mwalimu, mtihani hauji kwa Kiswahili. Utawafurahisha leo, Novemba watalia." Hoja yake ni nzito na sikuidharau. Nilimjibu kwamba wale 17 wa majira ya kuchipua walifundishwa kwa Kiingereza mwanzo mpaka mwisho.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa kwa yule msichana. Kipindi kilichofuata, kabla sijaandika tarehe ubaoni, nililiambia darasa kwamba aliuliza swali la kweli nami nikamkatiza, na kwamba kazi yote tutakayoifanya ni ya kutafuta jibu lake. Aliinamisha kichwa. Baadaye nilikuja kujua hakupenda kutajwa.

Jumamosi pwani

Tulikwenda Jumamosi ya bamvua, saa tatu na nusu, watoto 38. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma na maji yalikuwa yameshatoka mbali. Bibi wa yule msichana alikuwa amekubali tumkute kwenye shamba lake la mwani. Alikuwa amechutama, maji yanamfika vifundoni, kanga ameifunga juu ya magoti, kamba imewambwa mbele yake baina ya vijiti viwili. Alichukua kishada cha mwani, akakipitishia taitai, kamba nyembamba ya kufungia, akakaza fundo kwa kidole gumba, akasogea kiganja kimoja, akachukua kingine. Ncha za vidole zilikuwa zimekunjamana na kuwa nyeupe kwa maji. Hakuacha kufunga wakati wote alipokuwa akizungumza nasi.

Tulimpa shikamoo, akaitikia, akauliza sisi ni wangapi, akacheka. Nilimwomba awaeleze watoto anajuaje siku ya kuja.

"Nahesabu mwezi," alisema. "Mosi, pili, tatu, hapa nipo. Saba, nane, tisa, mie siji, maji mafu hayo, hayendi wala hayarudi. Kumi na nne nipo tena."

Nikamuuliza juu ya mwezi kuwa utosini. Alimtazama mjukuu wake kwanza, kisha akasema, "Mwezi hutangulia, mwanangu. Maji humfuata nyuma. Usiku wa mpevu nikiuona utosini naenda kulala. Nikiamka kabla ya adhana ya alfajiri, ndiyo yamejaa."

Watoto waliokuwa na daftari waliandika. Mwezi mpevu hufika utosini kama saa sita usiku. Maji hujaa saa kumi na kitu. Saa nne za tofauti, kutoka kwa mtu ambaye hana saa.

Tulichagua jiwe moja la mwambani lisilo refu, ambalo kila mtu wa kijiji kile analijua. Kazi ya siku 15 ilikuwa hii: andika saa jiwe linapoanza kutokeza, andika saa linapofunikwa, kisha tafuta saa iliyo katikati. Hiyo ya katikati ndiyo saa ya maji kukauka kabisa. Hakuna haja ya kupima kina wala kuingia majini.

Siku 15 za vipimo

Mambo yaliharibika tangu siku ya pili, na huko kuharibika ndiko kulikonifundisha zaidi.

Kwanza saa. Vishikwambi vilivyowahi kuzimika betri vilikuwa vimerudi kwenye tarehe yao, na kimoja kilidai tuko mwaka 2015. Picha zake zote zilikuwa na saa ya uongo. Tukakubaliana kila asubuhi saa zote zifuatishwe simu ya mzazi mmoja.

Kisha hesabu ya saa yenyewe. Kundi lenye kishikwambi liliona 10:00 kwenye kioo likaandika saa 10. Kundi lenye saa ya mkono ya baba liliandika saa 4. Ni wakati ule ule mmoja, wa asubuhi. Lakini kwa pwani yetu saa kumi ni saa ya bamvua kujaa, kwa hiyo tulipoweka takwimu pamoja makundi mawili yalisema mambo kinyume kabisa, moja likionyesha maji makavu pale ambapo kila mtoto wa kijiji anajua yamejaa. Watoto wenyewe ndio waligundua, wakabishana kweli kweli, na mvulana mmoja akapendekeza kila saa iandikwe mara mbili, ya Kiswahili na ya kishikwambi. Kuanzia hapo jedwali lilikuwa na safu mbili.

Siku ya saba mtoto mmoja alikuja nyumbani kwangu akiwa amenyong'onyea. Alikaa pwani tangu adhuhuri mpaka karibu na magharibi na jiwe halikutokeza. Alidhani amekosea jiwe. Siku ya nane vile vile. Makundi mawili yaliandika "hakuna", na kundi la tatu liliandika saa kamili, kama siku nyingine yoyote. Nilipolitazama jedwali la kundi hilo, kila siku maji yalichelewa dakika 50 barabara, si zaidi si pungufu. Dakika 50 ndiyo wastani uliotajwa kwenye video. Walikuwa wamekwenda pwani siku tatu, wakazipiga hesabu zilizobaki nyumbani.

Sikuwaadhibu. Niliweka jedwali lao kando ya yale mawili na kuwaacha wanafunzi wenzao waseme. Katika majedwali ya kweli, siku za bamvua maji yalichelewa kama dakika 35 au 40 kutoka siku hadi siku, na kuelekea maji mafu yalichelewa zaidi ya saa nzima. Wastani unakuja kwenye 50, lakini siku yenyewe haiwi 50. Msichana mmoja aliliambia kundi lile, "Nyinyi maji yenu yana adabu sana." Walikiri papo hapo. Na jiwe ambalo halikutokeza likawa maana ya maji mafu kuliko sentensi yoyote ya kitabu: maji hayakushuka vya kutosha kulifichua.

Kurudi kwenye video

Skuli zilipofunguliwa tulitia takwimu kwenye vishikwambi vyote 14, kila kundi likachora grafu yake. Hapa kifaa kilistahili kila senti yake. Kuchora nukta 15 kwa mkono kungechukua vipindi viwili. Kwenye kioo watoto walibadilisha, wakafuta, wakalinganisha grafu ya kweli na ya "maji yenye adabu" kwa dakika chache.

Kisha nikawaonyesha video ile ile ya dakika nne, na swali moja: mchoro huu unasema kweli wapi, na haulingani na pwani yetu wapi?

Walisimamisha video mara nne. Walikubali kwamba bamvua huja mwezi na jua wakijipanga mstari mmoja, na maji mafu wakikaa pembe mraba, kwa sababu tarehe zao zilikuwa zimeonyesha hivyo. Walielewa kwa nini jua lililo kubwa mno lina nguvu ndogo katika jambo hili: liko mbali, na nguvu yake ya kuyatunisha maji haifiki nusu ya ile ya mwezi. Walipofika kwenye maji kutuna chini ya mwezi, walisimama. Tulizungumza kwa kirefu. Mchoro ule unaichukua dunia kama mpira uliofunikwa maji pande zote, bila bara wala kina tofauti. Bahari ya Hindi imezuiwa na Afrika upande mmoja na Asia upande mwingine, na maji husafiri ndani yake kama wimbi refu mno, likigonga na kuzunguka, kwa hiyo hufika kila pwani kwa saa zake. Kwetu yanachelewa kama saa nne baada ya mwezi kupita utosini. Bandari nyingine duniani zina kuchelewa kwao.

Yule msichana wa dawati la nyuma hakusema neno siku hiyo. Nilimwona ameandika kitu, sikumwomba asome.

Kiingereza kilikuja vipindi viwili vya mwisho. Niliandika bamvua ubaoni, kando yake jina la Kiingereza, na nikawaeleza kwamba neno lile halihusiani na majira. Linatokana na maana ya kuruka na kuchupa juu.

Matokeo

Zoezi la mwisho liliwataka wakadirie saa ya maji kukauka siku tatu mbele na waeleze njia yao. Waliofanya walikuwa 44, na 31 walikadiria kwa kosa lisilofika nusu saa. Swali la *spring tide* lilirudi, na aliyetaja majira ya kuchipua alikuwa mmoja. Katika mtihani wa muhula, sita waliandika neno bamvua ndani ya jibu la Kiingereza na wakakatwa alama. Mwenzangu wa Fizikia alinikumbusha, na alikuwa na haki.

Mahudhurio siwezi kujisifu nayo. Nilimwonyesha mwalimu mkuu daftari na kalenda. Kugeuza ratiba hakuwezekani, kwa kuwa mkondo wa mchana una wenyewe, lakini tulikubaliana majaribio ya wiki yasiwekwe siku za bamvua, na mwalimu wa darasa asiandike "utoro" bila kuuliza. Watoto bado wanapungua. Mwani wa aina ya cottonii, ambao una bei nzuri, umekuwa ukifa kwa joto la maji, na nyumba zilizobaki na aina nyingine, spinosum, ya bei ndogo zinahitaji mikono mingi zaidi kupata pesa ile ile. Mada moja ya Jiografia haiwezi kushindana na hilo.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni mpangilio. Video ilikuwa ile ile mwanzo na mwisho. Mara ya kwanza ilikuja kabla watoto hawajawa na swali, ikameza somo. Mara ya pili walikuwa na jedwali mkononi, wakaihoji. Nikifundisha tena, sitaonyesha video kabla ya jiwe.

Lugha nayo. Nilichelewa kutambua kwamba kwa kuacha neno bamvua nje ya darasa niliacha nje pia kila walichokijua watoto juu yake. Lakini nilikosea upande wa pili vile vile: vipindi viwili vya Kiingereza havikutosha, na wale sita walilipa. Vinahitajika vinne, na mazoezi ya kuandika aya nzima.

Saa za vishikwambi ningepaswa kuzikagua mimi kabla ya kuvitoa. Nasema hivyo kwa mwalimu anayetaka kuiga, ingawa ugomvi wa saa 10 na saa 4 ulitupa somo ambalo nisingelipanga.

Kosa linaloniumiza ni watoto wa vijiji vya ndani. Somo lote liliegemea kwa wenye bahari. Watoto 20 na kitu walikuwa wageni pwani, hawajui jiwe, hawana bibi wa mwani, na nyumbani kwao ni mbali mno kuja kupima kila siku wakati wa likizo. Wengi wa waliokosa zoezi la mwisho, na wengi wa waliokadiria vibaya, ni wao. Niliona nimewarudishia watoto elimu ya kwao, kumbe nimewarudishia nusu. Mwezi unaonekana kutoka kwenye mikarafuu pia. Wangeweza kupewa kazi ya kuandika saa mwezi unapochomoza na unapofika utosini kila usiku, kisha pande mbili za darasa zikakutanisha majedwali yao, na bila hesabu ya upande mmoja upande wa pili usiweze kumaliza. Nimeshaipanga hivyo kwa darasa la mwaka huu.

Kuhusu msichana: kumwomba radhi mbele ya wote kulinifaa mimi kuliko yeye. Ilitosha kwenda dawatini kwake. Mwezi wa Agosti alinipa daftari lake baada ya kipindi, ukurasa umekunjwa. Alikuwa ameendelea kupima peke yake bamvua mbili zaidi, na ameandika chini kwamba ile ya mwezi mpevu jiwe lilikaa wazi kwa muda mrefu kuliko ile ya mwezi mwandamo, na bibi yake anasema kila mwaka kuna miezi ambayo bamvua hupita zote. Ameuliza kwa nini. Nilimwambia sehemu ninayoijua, kwamba mwezi hauendi umbali ule ule siku zote, kuna siku hutukaribia. Sehemu iliyobaki tumeiandika juu ya jedwali jipya, na jiwe ni lile lile.